Betri ya laptopu imechoka kabla ya mwaka: waranti inalipia nini?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Laptopu yangu ina miezi kumi na moja. Kazi zangu nafanyia mezani, kwa hiyo inashinda kwenye umeme tangu asubuhi hadi usiku na chaja naichomoa mara chache sana. Juzi nilisafiri nayo nikaona betri haimalizi hata saa mbili, wakati ilipokuwa mpya ilikuwa inakwenda saa sita. Nikaipeleka kwa aliyeniuzia. Wameiangalia, wakasema uwezo umebaki asilimia 71, huo ni uchakavu wa kawaida na waranti haihusiki. Ni kweli? Na je, ningekuwa naichomoa ikishajaa ingesaidia? Halafu siku hizi imeanza tabia ya kuzima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 30 hivi, sijui kama yanahusiana.

JIBU: Yanahusiana sana, ndugu yangu. Hilo ulilolichomeka mwishoni ndilo lilipaswa kuwa neno lako la kwanza pale kaunta. Wewe ulikwenda ukasema betri inaisha haraka, na betri kuisha haraka ni uzee. Waranti hailipii uzee, inalipia ubovu. Kompyuta inayozima ghafla huku mita inasoma 30 ina hitilafu mahali fulani, ama kwenye betri ama kwenye hesabu zake. Aliyekuhudumia hakukudanganya, alijibu kile ulichomuuliza.

Karibu watengenezaji wote wakubwa wanaihesabu betri kuwa kitu cha kulika, kama soli ya kiatu. Waranti ya Apple inasema wazi kwamba betri kupungua nguvu kwa kutumika haimo, isipokuwa kama imeharibika kwa kasoro ya malighafi au ya uundaji. Dell na Lenovo kwa kawaida wanaipa betri mwaka mmoja hata pale ambapo mashine yenyewe ina waranti ya miaka mitatu, na watu wengi wanaligundua hilo mwaka wa pili, wakiwa wamechelewa. Wewe bado una mwezi. Ila usiuhesabu kichwani: ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika ile namba iliyobandikwa chini ya mashine, uone wao wanasema waranti inaisha lini. Mara nyingi wanaanza kuhesabu tangu siku mashine ilipotoka kwao, si siku uliyoinunua, na laptopu inaweza kukaa dukani miezi mitatu. Ukikuta wameanza kuhesabu kabla ya tarehe ya risiti yako, watumie nakala ya risiti leo hii wairekebishe, kabla hujasema lolote kuhusu betri.

Sasa hiyo 71. Kabla ya kugombana juu yake, hakikisha ni ya kweli.

Ndani ya betri kuna kijisakiti kinachopima umeme unaoingia na unaotoka. Hakiwezi kuchungulia ndani kuona kimebaki kiasi gani. Kinajumlisha na kutoa tu. Ni kama mwenye duka anayeandika kila mzigo unaoingia na kila kinachouzwa, lakini hajawahi kupanda ngazi kuhesabu mali iliyoko rafuni. Baada ya miezi kadhaa daftari na rafu haviongei lugha moja. Kinachomlazimisha ahesabu upya ni betri kujaa kabisa kisha kuisha kabisa, na betri yako haijaisha kabisa tangu siku ya kwanza, kwa sababu chaja haichomoki. Kwa hiyo 71 inaweza kuwa 71, inaweza kuwa 80, inaweza pia kuwa 60.

Kwanza sasisha BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa kuwa baadhi ya masasisho hurekebisha namna mashine inavyosoma betri. Kisha ichaji hadi 100 na uiache kwenye umeme saa moja au mbili zaidi. Chomoa. Zuia isilale yenyewe, washa video ndefu, iache mpaka izime. Iache imezimwa saa chache, halafu ichaji hadi ijae bila kukatiza. Fanya hivyo mara moja, labda mbili, basi. Kuna watu wanalirudia zoezi hili kila mwezi wakidhani wanaitibu betri. Wanachotibu ni mita, na betri wanaichosha kwa kuikausha mara kwa mara.

Niliwahi kuletewa mashine iliyosoma 68. Baada ya zoezi hilo ikasoma 86. Mwenyewe aliondoka akicheka, mimi nikabaki bila kazi.

Wakati unalifanya, weka simu pembeni na urekodi. Ikizima ikiwa 30, umepata ushahidi usiohitaji maelezo. Ikishuka taratibu mpaka 3 au 4 ndipo izime, basi tatizo lilikuwa daftari, limeshasawazishwa, na umebaki na betri iliyochoka tu.

Baada ya hapo toa ripoti. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Litakuonyesha mahali faili lilipohifadhiwa. Lifungue kwa kivinjari. Kwenye Mac nenda kwenye taarifa za mfumo, sehemu ya umeme, utaona idadi ya mizunguko na hali ya betri. Wa Linux wanaweza kusoma faili zilizomo ndani ya /sys/class/power_supply/BAT0, au watumie upower.

Tuichukue ripoti ya Windows, maana ndiyo yenye mengi. Mstari wa "Design Capacity" ni uwezo betri iliotoka nao kiwandani, tuseme 56,000 mWh (miliwati-saa, kipimo cha akiba ya umeme). "Full Charge Capacity" ni inachobeba leo, tuseme 39,760. Gawanya, unapata 0.71. Hiyo ndiyo namba uliyoambiwa, na fundi wa kaunta huishia hapo. Wewe usiishie hapo. Teremka hadi kwenye historia ya uwezo, ile orodha ya wiki baada ya wiki, uisome kama unavyosoma daftari la kliniki la mtoto. Mteremko wa taratibu, 55,100 halafu 54,700 halafu 54,000, huo ni uchakavu, hakuna mwenye la kusema. Lakini ukikuta wiki moja 51,800 na wiki inayofuata 42,300, hapo pana kilichovunjika.

Kinachovunjika mara nyingi ni seli moja, yaani kijibetri kimoja kati ya vile vinavyounda betri nzima. Tazama maandishi yaliyoko kwenye betri, au tafuta vipimo vyake mtandaoni: ukiona 11.55 V, hizo ni seli tatu zilizofuatana, kila moja volti 3.85. Zikiwa zimefuatana hivyo, umeme uleule unapita kwenye zote, kwa hiyo dhaifu ikishaisha wote wamesimama, hata kama wawili waliobaki wana akiba. Kijisakiti cha ulinzi kinaona volti ya seli dhaifu imeporomoka, kinakata. Skrini inazima kama taa. Mita ilikuwa inasema 30 kwa sababu ilikuwa inajumlisha akiba ya wote. Hii ndiyo maelezo ninayoyashuku kwako, ingawa kuna la pili: ukinzani wa ndani, yaani betri yenyewe kuuzuia umeme wake kupita, ukipanda sana, betri inashindwa kazi nzito ya ghafla, volti inazama na mashine inazima ukifungua programu kubwa tu. Angalia kama inazima hata ukiwa unasoma maandishi, au ni ukiwa kwenye mkutano wa video peke yake. Liandike hilo.

Nije kwenye lile nisilopenda kumwambia mtu mwenye malalamiko. Ukiacha kuzima ghafla, hiyo 71 yenyewe inaweza kabisa kuwa ya kawaida kwa betri iliyoishi kama yako.

Wengi wanajua kwamba betri huchakaa kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 ya chaji iliyotumika: ukitumia 40 leo ukachaji, kesho ukatumia 60, umemaliza mmoja. Betri nyingi za kawaida huhesabiwa mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kushuka hadi asilimia 80; Apple wanazipigia hesabu ya 1,000 laptopu zao nyingi. Kwa hiyo mtu akiona mashine yake ina mizunguko 45 na uwezo 71, anaruka: ni kasoro hii, lazima mnibadilishie! Hoja hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana, kwa sababu betri ya lithiamu haichakai kwa kutumika tu. Inachakaa pia kwa kukaa, na inachakaa zaidi ikikaa imejaa, na zaidi ya hapo ikikaa imejaa kwenye joto.

Upande hasi wa seli ni grafiti. Tangu chaji ya kwanza kabisa, elektroliti (kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya seli) inayoigusa inajenga juu yake utando mwembamba sana. Utando huo ni wa lazima, unapitisha ioni (chembe za lithiamu zenye chaji) na kuizuia elektroliti isiendelee kuliwa, lakini haukomi kukua, na kila unapokua unameza lithiamu kidogo ambayo hairudi tena kazini. Joto linauharakisha. Upande wa pili, seli iliyojaa ina volti 4.2, na za siku hizi hufika hata 4.4, katika kiwango hicho elektroliti inaunguzwa polepole na wakati mwingine inatoa gesi. Tangu Sony walipoziingiza betri hizi sokoni mwaka 1991, ugonjwa huu umepata nafuu nyingi, dawa bado.

Kuna makadirio ambayo watu wa betri wameyatumia miaka mingi. Ukiihifadhi kwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, inabaki na uwezo wa 96 hivi. Ikiwa imejaa, 80. Kwenye nyuzi 40, ile yenye chaji ya 40 inabaki na 85, na iliyojaa inabaki na 65. Laptopu inayofanya kazi mchana kutwa, chaja imechomekwa, haishindwi kuipasha betri hadi nyuzi 40. Miezi kumi na moja, imejaa, ina joto: 71 imekaa katikati ya 80 na 65. Hapo nakubaliana na wale wa kaunta, japo shingo upande, kwa kuwa mashine wameiuza ikiwa imepangwa kujaza hadi 100 na hakuna aliyekuambia kitu.

Ndiyo maana nasema kesi yako isimame kwenye kuzima, si kwenye asilimia.

Kabla ya kuwaandikia, pima kwa kipimo chao wenyewe. Programu ya kupakua mtandaoni hata iwe nzuri vipi watakuambia hawaitambui. Mashine nyingi zina vipimo vilivyofichwa ndani, vinavyoamka kabla ya Windows: Dell unabonyeza F12 wakati inawaka, HP unabonyeza F2. Chagua betri. Kipimo cha HP kinatoa neno la uamuzi, kati ya kupita na "Replace", pamoja na namba ndefu ya hitilafu. Dell nao wanatoa msimbo wa kosa. Piga picha ya skrini kwa simu, namba zote zisomeke. Msimbo huo una thamani kuliko aya kumi za malalamiko, kwa sababu anayepokea ombi lako ana orodha mbele yake na msimbo ama umo ama haumo. Kipimo cha HP kikikujibu "Calibrate", hiyo maana yake urudi kwenye lile zoezi la kujaza na kumaliza, kisha upime tena.

Windows nayo inaweka kumbukumbu. Kwenye orodha ya matukio ya mfumo tafuta "Kernel-Power" namba 41. Kila mashine ilipozima bila kuagwa kuna mstari wake, na tarehe na saa. Linganisha na sehemu ya matumizi ya siku za karibuni kwenye ripoti ya betri, inayoonyesha chaji ilikuwa kiasi gani. Vikikubaliana viwili hivyo, huna haja ya kuongeza chumvi.

Andika kwa mtengenezaji moja kwa moja, kwa barua pepe au fomu ya tovuti yao, hata kama muuzaji amekukatalia. Muuzaji ni mpokeaji tu. Mwenye waranti kwa kawaida ni mtengenezaji. Ningeandika hivi:

"Laptopu yangu, namba fulani, niliyoinunua tarehe fulani, inazima yenyewe bila onyo ikiwa na chaji kati ya asilimia 28 na 33. Imetokea mara nne, tarehe na saa nimeziorodhesha. Nimesasisha BIOS na nimesawazisha betri, tatizo limebaki. Kipimo cha mashine yenyewe kimetoa msimbo ulioko kwenye picha. Nimeambatisha ripoti ya betri, video na risiti. Naomba betri ikaguliwe na kubadilishwa kwa waranti, na naomba namba ya kumbukumbu ya ombi hili."

Hamna "inaisha haraka" humo, wala "nimesikitishwa". Sikuambii ufiche kitu. Ripoti unaiambatisha na 71 imo ndani yake. Ila anayesoma anaanza na hitilafu, na akili yake inakwenda kwenye vipuri badala ya kwenye kanuni ya uchakavu. Namba ya kumbukumbu usiiache, kwa kuwa kwa kawaida kinachohesabiwa ni siku uliyotoa taarifa. Wakichukua wiki sita kukujibu na waranti ikaisha katikati, una karatasi. Wakipiga simu, baada ya maongezi watumie ujumbe mfupi: "Kama tulivyozungumza leo saa 4 asubuhi..." 

Usiifungue mashine kuchungulia. Najua skrubu ni kumi tu. Alama ya bisibisi pale pembeni inatosha kukupa maswali ambayo hukuyahitaji.

Wakikubali kuichukua nzima, nakili kazi zako kwanza na usiwape nywila ya akaunti yako; kubadilisha betri hakuhitaji kuingia kwenye mafaili. Na uliza betri mpya ina waranti ya muda gani. Mara nyingi haianzi mwaka mpya, inamalizia ule uliobaki, au inapewa siku 90.

Kuna hali moja ambayo inafuta yote niliyosema juu ya kusubiri na kukusanya ushahidi. Funga laptopu uiweke kwenye meza iliyonyooka, ubonyeze pembe zake kwa kidole. Ikiyumba kama kigoda chenye mguu mfupi, au pedi ya kugusia imeinuka na kubonyea kwa shida, betri imevimba. Ile gesi niliyoitaja imekusanyika. Izime, chomoa chaja, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Usijaribu kuituma kwa ndege. Betri iliyoharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwa njia ya anga. Waambie wazi kwamba imevimba, utaona mazungumzo yanavyobadilika, hata kwa mashine ambayo waranti yake imepita. Angalia pia kama muundo wako umo kwenye orodha ya bidhaa zilizoitwa zirudi. Mwaka 2006 Dell waliita betri milioni 4.1 zenye seli za Sony, na mwaka 2019 Apple waliita baadhi ya MacBook Pro za inchi 15. Katika miito ya namna hiyo betri hubadilishwa bure, waranti iwe hai au imekufa.

Wakikataa kabisa na ukaamua kununua, jihadhari na betri inayojisifu kubeba mara mbili ya ile ya asili kwenye umbo lilelile. Hakuna nafasi ya kuziweka hizo seli. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa: betri ya asili iliyokaa ghalani miaka minne imeshazeeka kwenye boksi lake, utando haujali kama umeifungua au hujaifungua.

Sasa lile swali lako la chaja. Kuchomoa na kuchomeka mchana kutwa kungepunguza muda wa betri kukaa imejaa, lakini kungekuongezea mizunguko, na hakuna mtu anayeweza kuikumbuka hiyo kazi kila saa. Mashine ikishajaa inakata chaji yenyewe. Tatizo halikuwa chaja, lilikuwa ile 100. Kwenye mipangilio ya mtengenezaji, au ndani ya BIOS, kuna mahali pa kuweka kikomo. Lenovo wanaiita hali ya kuhifadhi, Asus kwenye baadhi ya mashine wanakuchagulisha 60, 80 au 100, Dell wana chaguo la anayekaa kwenye umeme muda mwingi, na HP wanayo yao kwenye BIOS. Kwa kazi yako ya mezani weka 60 kama wanairuhusu, kama hawana basi 80, na iache chaja mahali pake. Kesho yake ukiwa na safari, rudisha 100 usiku uleule. Ila wakati unafanya zoezi la kusawazisha, hakikisha kikomo umekiondoa, la sivyo utakaa unasubiri 100 isiyokuja.